Kubalansi milinganyo ya kemia: hesabu, usibahatishe

Wadogo zangu mnaoanza Kidato cha Tatu hapa Moshi, nawafundisha wenzenu kemia jioni na naona wengi wakibahatisha: 2 hapa, 3 pale, futa, andika tena, mpaka daftari linatoboka. Inaniuma, kwa sababu kazi yenyewe ni kuhesabu tu. Atomu zilizoingia ndizo zinazotoka. Zinabadilisha majirani, hazipotei.

Andika kwanza fomula sahihi, kisha usiziguse. Ukiona maji, H₂O, yamepungukiwa oksijeni ukaongeza kanamba ka chini yakawa H₂O₂, hujabalansi chochote. Umeondoa maji ukaweka haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda. Unaruhusiwa namba ya mbele peke yake, nayo huzidisha kila kilichomo kwenye fomula.

Kinachowachosha wengi ni wapi pa kuanzia. Anza na elementi iliyokaa sehemu moja tu kila upande. Tuchukue mbege, pombe ya ndizi, sukari ya ndizi inapochachuka:

C₆H₁₂O₆ → C₂H₅OH + CO₂

Kaboni iko sehemu mbili upande wa kulia. Ukianza nayo utazunguka sana. Haidrojeni, kwa upande huo, iko kwenye ethanoli (C₂H₅OH) peke yake. Kushoto ziko 12, kulia 6 (zile 5 pamoja na 1 ya mwisho, ambayo husahaulika mno). Weka 2 mbele ya ethanoli. Sasa ethanoli ina kaboni 4, zinatakiwa 6, basi CO₂ nayo ipate 2. Oksijeni: kushoto 6, kulia 2 na 4. Imekubali.

Kwenye kuungua, iache oksijeni mwisho. Inasimama peke yake, hivyo namba yake haivurugi elementi nyingine. Butani ya mtungi wa jikoni, C₄H₁₀, inatoa 4CO₂ na 5H₂O. Oksijeni kulia ni 13, na O₂ huja mbilimbili. Usiogope, andika 6½ mbele ya O₂, kisha zidisha mlinganyo mzima kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Hesabu upya kila upande: kaboni 8, haidrojeni 20, oksijeni 26. Hesabu hiyo iandike pembeni hata kwenye mtihani.

Sasa jaribuni propani, C₃H₈, ambayo nayo hutumika kama gesi ya kupikia. Hiyo haitawaletea nusu.