Kiwewe cha Miaka Mingi: Je, Ni Ugonjwa?

SWALI: Dada yangu alipigwa sana utotoni, kwa miaka. Hadi leo mlango ukibamizwa na upepo huangusha kikombe mkononi. Je, anaumwa? (Msomaji, Mwanakwerekwe, Unguja)

JIBU: Poleni sana, ndugu yetu. Malaria huitwa ugonjwa kwa kuwa kimelea chake huonekana kwa darubini. Hali kama hii wataalamu huiita tatizo la akili, kwa sababu hutambuliwa kwa dalili zinazoandamana, si kwa kipimo cha damu, ingawa maumivu yake ni ya kweli vilevile. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 umekitenga kiwewe changamani, ambacho mara nyingi hutokana na mateso ya muda mrefu, na kiwewe cha kawaida: juu ya kushtuka na majinamizi, mtu hushindwa kutuliza hisia, hujiona hana thamani, na huona taabu kuwa karibu hata na wanaompenda. Akiridhia, mfuatane hospitali ya magonjwa ya akili ya Kidongo Chekundu, hapo Unguja, wala msimlazimishe kusimulia yote siku moja.