Mrusha Kisahani Aliyetikisa Ligi ya NFL

SWALI: Ndugu Mhariri, mpwa wangu yuko kidato cha tatu hapa Mafinga, na mwaka huu alirusha kisahani katika UMISSETA ngazi ya mkoa. Wenzake wamemwambia kwamba kuna Mwafrika aliyeanza kucheza futiboli ya Kimarekani akiwa na miaka 23 akawapita Wamarekani wenyewe, na sasa anataka kuacha kisahani aufuate mchezo huo. Je, habari hiyo ni ya kweli, na mchezaji huyo aliishia wapi?
Mjomba, Mafinga, Iringa

JIBU: Mjomba, habari hiyo ni ya kweli. Anayesemwa ni Christian Okoye, aliyezaliwa Enugu, Nigeria, mwaka 1961. Hata hivyo, wenzake hawakumweleza kwamba kilichomfikisha Okoye Marekani ni kisahani hichohicho. Riadha ndiyo iliyompatia ufadhili wa masomo katika Chuo Kikuu cha Azusa Pacific, California, na ni baada ya kuachwa nje ya timu ya Nigeria ya Olimpiki ya mwaka 1984 ndipo alipokubali kujaribu mchezo ambao hakuwahi kuucheza.

Mwaka 1987 alichaguliwa na Kansas City Chiefs, timu ya NFL, yaani ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, katika raundi ya pili ya zoezi la timu hizo kuchagua wachezaji wapya. Kazi yake ilikuwa kukabidhiwa mpira na mwenzake, kuubana kifuani na kupenya nao katikati ya mabeki. Akiwa na kilo zinazokaribia 118 na mbio za mwanariadha, aliinamisha bega akamsukuma beki wa kwanza, wa pili akamdandia mgongoni, naye akazidi kusonga huku akimburuta. Kocha Marty Schottenheimer, aliyejiunga na timu mwaka 1989, alimtegemea mno: katika msimu huo mmoja Okoye alikabidhiwa mpira mara 370, akakimbia yadi 1,480, yaani zaidi ya mita 1,350, na kuongoza ligi nzima. Mashabiki walimwita Jinamizi la Nigeria.

Ningependa mpwa wako aitafakari hiyo 370, kwa kuwa karibu kila mara mbio hizo huishia kwa mchezaji kukamatwa na kubwagwa chini. Majeraha yalimwandama. Mwaka 1991 alivuka tena yadi 1,000, lakini baada ya msimu wa 1992 alistaafu, akiwa amecheza misimu sita tu na umri wake ni miaka 31. Klabu ilimuenzi mwaka 2000 kwa kumwingiza katika orodha yake ya mashujaa.

Kwa hiyo, Mjomba, ushauri wangu ni kwamba kijana asiache kisahani. Mwombeni mwalimu wake wa michezo apime kila mrusho kwa futi ya utepe na kuuandika pamoja na tarehe, kwa sababu vyuo vinavyotoa ufadhili wa riadha huuliza kwanza umbali uliothibitishwa na matokeo ya mitihani.