Nguo niliyonunua mtandaoni hainikai: nitairudishaje bila kukatwa pesa?

Swali: Nimenunua gauni na suruali kwenye duka la mtandaoni, oda moja, nikalipa kwa kadi. Gauni linanibana kifuani ingawa ni saizi ninayovaa siku zote. Suruali iliandikwa kuwa ya bluu iliyoiva, imekuja nyeusi. Nilipoomba kurudisha, duka likanijibu kwamba usafiri ni juu yangu na kwamba watakata ada ya kupokea mzigo. Nguo zote bado zina lebo zake. Je, hii ni haki? Na nifanyeje ili siku nyingine nisikwame hivi?

Jibu: Dada, usitume kitu leo. Kabla hujakunja hata nguo moja, tenganisha hizo nguo mbili kichwani mwako, maana una madai mawili na duka limekujibu kana kwamba ni moja.

Suruali ni kosa la muuzaji. Alikuahidi bluu, akaleta nyeusi. Gauni halina kosa. Limekuja kama lilivyoelezwa, ila halikukai. Mimi nimefanya kazi miaka mingi kwenye dawati la mizigo inayorudi, na naweza kukuambia kwamba sehemu kubwa ya pesa wanazopoteza wateja hupotea hapahapa: mteja anaingia kwenye fomu, anachagua sababu moja ya juu juu, "sikuipenda" au "saizi si yangu", kisha anaiweka kwa oda nzima. Kuanzia hapo mfumo unamhesabu kuwa amebadili nia, na ada zote zinamfuata yeye. Ule mstari wa sababu ndio unaoamua nani alipe. Jaza nguo moja moja. Kwenye suruali chagua "bidhaa si niliyoagiza" au "haifanani na maelezo". Kwenye gauni sema ukweli kwamba ni saizi.

Wala usishawishike kuandika kwamba gauni ni bovu ili usafiri uwe wa bure. Nguo ikifika ghalani hukaguliwa, na mkaguzi asipoona ubovu huandika hivyo kwenye akaunti yako. Ukija siku nyingine na dai la kweli, utasikilizwa kwa mashaka.

Sasa kuhusu haki. Sheria hazifanani. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2011 inampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 tangu apokee mzigo kughairi bila kutoa sababu. Gharama ya kuurudisha inaweza kuwa yake, lakini ikiwa muuzaji hakumwambia hivyo kabla ya kununua, inarudi kwa muuzaji. Uingereza nayo ina siku hizo 14 za kughairi, na tangu 2015 kuna siku 30 za kukataa bidhaa yenye kasoro au isiyolingana na maelezo na kurudishiwa pesa yote, huku gharama ya kuirudisha ikimwangukia muuzaji. China inatoa siku 7 za kurudisha bila sababu kwa bidhaa nyingi za mtandaoni. Marekani haina sheria ya shirikisho inayolilazimisha duka kupokea nguo kwa sababu tu umebadili mawazo. Huko, ikiwa nguo haina kosa na jimbo halina kanuni yake, unategemea sera ya duka.

Kwa hiyo kwa gauni, fungua sera ya duka usome mambo mawili: siku ngapi, na ada gani. Kama ada ya kupokea mzigo iliandikwa wazi kabla hujalipa, na sheria ya mahali ulipo haiizuii, huna njia rahisi ya kuikwepa. Kama haikuandikwa na imetajwa sasa tu kwenye barua pepe, ikatae. Kwa suruali, ada hiyo haina msingi hata kidogo, na usafiri usiwe wako. Waandikie kwa ufupi:

"Oda namba fulani, suruali. Ukurasa wa bidhaa unasema bluu iliyoiva, nimepokea nyeusi. Picha nimeambatanisha. Naomba lebo ya kurudishia iliyolipiwa na pesa yangu yote kupitia kadi niliyolipia. Gauni nimeliombea urejeshaji wa kawaida katika ombi tofauti."

Hakuna haja ya kueleza ulivyovunjika moyo, wala kuuliza kama inawezekana. Ambatanisha picha mbili: suruali ikiwa kwenye mwanga wa mchana karibu na dirisha, na ukurasa wa bidhaa ukionyesha jina la rangi. Jina la rangi ni muhimu kuliko picha yao, kwa sababu duka linaweza kusingizia kioo cha simu yako, lakini haliwezi kusema kwamba neno "bluu" lilibadilika rangi. Uhifadhi ukurasa huo leo kama picha ya skrini. Kurasa hubadilishwa, na bidhaa ikiisha hufutwa.

Mzigo ukifika kwao mambo huenda hivi, na ukiyajua utaelewa kwa nini watu hukataliwa. Mpokeaji husoma kwa mashine msimbopau, ile mistari myeusi ya lebo ya kurudishia iliyobandikwa kwenye mfuko, oda yako inatokea kwenye kompyuta, anafungua. Anatazama lebo ya duka kama bado imening'inia na uzi wake haujakatwa. Anageuza kola kutafuta alama ya poda au vipodozi, ananusa kwapa, anatazama mapindo ya chini kama yameburuzwa, anaangalia nywele za paka au mbwa. Kazi yote hii haichukui muda mrefu. Akiridhika, nguo inarudi rafuni na pesa yako inaachiliwa. Akiona manukato au doa, nguo inakwenda kwenye kapu la pembeni, na hapo ndipo makato yanapoanza. Kwa hiyo nguo ya mtandaoni ijaribiwe kabla hujajipaka kitu, juu ya kitanda au mkeka safi, huku lebo ikiwa palepale. Nguo za ndani na za kuogelea zijaribiwe juu ya nguo yako ya ndani. Ule utepe wa usafi uliobandikwa ndani yake ukishabanduka, maduka mengi hayapokei, na sheria nyingi zinayaunga mkono. Nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyako au iliyodariziwa jina lako nayo kwa kawaida hairudi, isipokuwa ina kasoro.

Kosa jingine tulilokuwa tukiliona kila wiki: mteja ana oda mbili za duka moja, anazitia kwenye mfuko mmoja ili aokoe usafiri. Lebo moja ya kurudishia inafungua oda moja tu. Nguo ya oda ya pili inakuwa yatima mezani, hakuna anayejua ni ya nani, na mteja anasubiri pesa isiyokuja. Kila oda na mfuko wake, kila mfuko na karatasi yake ndani. Kama unatumia tena mfuko uliokuja nao, na ni vizuri kuutumia, bandua au futa kwa kalamu nzito msimbopau wa zamani, la sivyo mashine inaweza kuusoma huo na kukuletea mzigo wako mwenyewe mlangoni.

Ikiwa usafiri wa gauni utakuangukia, ujue namna ya kuupunguza. Kampuni za kusafirisha vifurushi hazitazami kilo peke yake. Zinatazama pia nafasi mzigo unayokula ndani ya gari au ndege. Hesabu inayotumiwa sana ni urefu mara upana mara kimo, kwa sentimita, ukigawanya kwa 5000 unapata kilo za ujazo, na unatozwa kwa ile iliyo kubwa kati ya hizo na kilo halisi. Chukua boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 20: ni kilo 4.8 za ujazo, hata kama ndani kuna gauni la nusu kilo. Likunje gauni hilohilo, litoe hewa, litie kwenye mfuko wa plastiki wa sentimita 35 kwa 25 wenye unene wa 6, unapata kilo 1.05. Boksi zuri ndilo linalowagharimu watu. Nguo haivunjiki, haihitaji boksi.

Kama duka liko nchi nyingine, kuna tego la forodha. Fomu ya posta ya kutuma nje ina visanduku vya kueleza mzigo ni wa nini: zawadi, mauzo, na kimojawapo ni bidhaa inayorudishwa. Weka alama hapo, na uandike namba ya oda. Ukiweka "mauzo", mzigo unaweza kutozwa ushuru ukiingia kule, na muuzaji ataukata kwenye pesa yako au ataukataa mzigo. Ushuru uliolipa wewe wakati nguo inaingia ni jambo jingine. Kama ushuru huo ulilipwa kupitia duka wakati wa kununua, waombe wao, na kama ulilipa kwa forodha, ulizia utaratibu wa kurejeshewa kabla nguo haijatoka nchini, kwa sababu ikishatoka ni vigumu kuthibitisha kwamba ni ileile.

Ukishatuma, risiti yenye namba ya ufuatiliaji ndiyo ngao yako. Isiishie mfukoni, ipige picha palepale kaunta, wino wa risiti hizo hufifia. Hesabu ya siku mara nyingi huangalia tarehe uliyotuma, lakini maduka mengine huangalia tarehe mzigo ulipowafikia, basi usingoje siku ya mwisho.

Kuhusu pesa yenyewe, tazama vitu vitatu. Cha kwanza ni vocha, yaani salio la kununulia hapohapo dukani. Duka litakuonyesha kitufe kikubwa cha kupokea vocha na kile cha kurudisha kwenye kadi kikiwa kidogo chini. Vocha ni nzuri ikiwa kweli utanunua tena hapo. Vinginevyo chagua kadi. Cha pili ni punguzo: kama ulipata usafiri wa bure au asilimia fulani kwa sababu oda ilifikia kiasi fulani, ukirudisha nguo moja jumla inashuka chini ya kiasi hicho, na duka linaweza kudai punguzo lake. Hili mara nyingi limo kwenye sera. Lakini wasilifanye kwa suruali yako, maana kosa ni lao. Cha tatu, ukinunua kwa sarafu ya kigeni, pesa inaweza kurudi kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha siku inaporudi, ikiwa pungufu kidogo au zaidi kidogo, na hapo duka halina hatia.

Kuna njia ambayo watu huisahau: kubadilisha badala ya kurudishiwa. Tangu 2022 maduka kadhaa makubwa yameanza kutoza urejeshaji wa pesa, lakini yapo yanayobadilisha saizi bila malipo. Kama gauni unalipenda na tatizo ni kifua tu, uliza hilo kwanza.

Na wakikaa kimya? Wape muda uliotajwa kwenye sera, waandikie mara moja tena ukitaja tarehe mzigo uliposainiwa ghalani kwao, kisha nenda benki iliyotoa kadi yako na uombe kupinga malipo. Mitandao mikubwa ya kadi, Visa na Mastercard, kwa kawaida hutoa siku 120 kwa madai ya namna hii, lakini benki yako inaweza kutaka uwahi zaidi. Kwa suruali yako una kesi iliyonyooka: maelezo, picha, barua, risiti. Peleka karatasi hizo na si simulizi. Usiende benki kabla ya kuliandikia duka, watakurudisha.

Sasa swali lako la mwisho, la siku nyingine. Umesema ni saizi unayovaa siku zote, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Hakuna kipimo kimoja kinachozifunga kampuni za nguo. Marekani iliwahi kuwa na viwango rasmi vya saizi za nguo za wanawake mwaka 1958, vikaondolewa 1983. Namba 12 ya Uingereza hukaribia 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na hata ndani ya nchi moja M ya duka hili ni L ya lile. Usinunue herufi, nunua sentimita. Na soma vizuri jedwali lao: mengi hutoa vipimo vya mwili, machache hutoa vipimo vya nguo yenyewe, na tofauti yake katika kifua cha nguo isiyovutika inaweza kufika sentimita kadhaa, kwa sababu nguo huachiwa nafasi ya kupumua.

Soma pia kitambaa. Chenye spandeksi kidogo, uzi ule unaovutika, kitakusamehe. Pamba tupu iliyofumwa kwa kubana haikusamehi. Na kabla ya kulipa, tafuta anwani ya kurudishia. Tovuti inaweza kuzungumza lugha yako na kupokea sarafu yako huku ghala lake likiwa bara jingine. Hiyo peke yake mara nyingi inatosha kuamua kama nguo ni rahisi kweli au la. Kwenye masoko ya mtandaoni yenye wauzaji wengi, angalia jina la muuzaji wa bidhaa hiyo, kwa kuwa sera inaweza kuwa yake yeye na si ya soko.

Basi kabla hujalifunga gauni, fanya kitu kimoja. Litandaze mezani, chukua futi ya fundi, pima kwapa hadi kwapa, zidisha kwa mbili. Kisha chukua gauni lako la zamani linalokukaa vizuri, la kitambaa kinachofanana, ulipime vivyo hivyo. Andika namba zote mbili kwenye simu. La kwanza ndilo linalokubana, la pili ndilo linalokutosha, na oda yako ijayo ipimwe kwa hizo.