Kwa nini << inagomea kilo

Mdogo wangu wa UDOM, umeuliza kwa nini kwenye programu yako ya C++, klasi (ramani ya kuundia objekti) ya Zabibu, opereta + inasoma b.kilo, yaani kilo za Zabibu nyingine, fresh tu wakati ni praiveti (ya kuonwa ndani ya klasi tu), ila << (ya kuchapisha) inagoma. C++ inakagua ruhusa kwa klasi sio kwa objekti moja moja, sasa + umeiandika ndani kwa hiyo inaona kilo za Zabibu yoyote, lakini << kushoto kwake yupo ostream (mkondo wa kuchapishia, kama cout) ndo maana iko nje ya klasi, na wa nje haoni praiveti. Itangaze ndani ya klasi kwa neno friend (rafiki anayeruhusiwa kuona praiveti), imeisha hiyo. Ila shika na hili, ukiwa na opereta kadhaa za alama moja, kompaila (inayotafsiri kodi yako) inachagua kwanza inayofaa zaidi ndo inakagua ruhusa, kwa hiyo ya praiveti ikishinda unapigwa erro hata kama ya pabliki (iliyo wazi kwa wote) ipo na ingefaa.