Maswali na majibu: kijana, kujiamini na vilevi

Shikamoo shangazi. Nina miaka 16, niko kidato cha tatu hapa Tanga. Bila kuvuta bangi kidogo na wenzangu siwezi kuongea mbele za watu. Nikivuta nachangamka. Nikiacha si nitarudi kuwa zoba?

Marahaba mwanangu. Wewe si zoba, una aibu, na umri wako ndio wa kuifanyia kazi. Bangi inaituliza aibu hiyo kwa saa chache tu. Ikishuka, wasiwasi unarudi, na kwa wengi unarudi umeongezeka. Kibaya zaidi, kila unapovuta kabla ya kusema, hujifunzi kusema. Ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na sehemu ya mbele, ile inayotusaidia kupima hatari na kujizuia, hukomaa mwisho. Ndiyo maana ukianza mapema, kuacha kunakuwa kugumu zaidi.

Kesho mwalimu akiuliza swali unalolijua, nyoosha mkono. Sauti itatetemeka, iache itetemeke, maliza sentensi yako. Keshokutwa rudia. Na maskani huna haja ya kumhutubia mtu. Sema “leo sivuti”, wakikung'ang'aniza nenda zako. Saa ile ya jioni iwe na kazi nyingine: mpira, madrasa, kwaya, chochote chenye watu wanaokungoja.

Nimekuta msokoto kwenye kaptula ya shule ya mwanangu. Baba yake anataka amchape kisha amfukuze. Nifanyeje?

Mama, pole. Mwambie mzee asubiri hasira ipoe. Mtoto akifukuzwa atakwenda maskani, kwa wale wale wanaompokea bila kumuuliza kitu.

Kaeni naye faragha, msokoto uwe mbele yenu, muulize ameanza lini, anavuta na nani, na akivuta anapata nini. Hilo la mwisho ndilo lisikilize kuliko yote. Anaweza kukwambia anaonewa shuleni, au kwamba nyumbani haonekani ila akikosea. Usimkatize kujitetea. Usimwite teja, wala usimtajie kaka yake aliyefaulu. Mtoto anayejiona hafai ukimthibitishia hivyo hana tena sababu ya kuacha. Masharti muweke, tena makali: muda wa kurudi nyumbani, pesa mkononi. Lakini baba ndiye amwambie kwa kinywa chake kwamba bado ni mwanawe. Mkikwama, pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

Shisha si inachujwa na maji?

Hapana. Maji yanaupoza moshi tu. Nikotini, sumu ya mkaa na vitu vinavyoleta saratani vinapita. Isitoshe, Tanzania ilishaipiga marufuku.

Mimi ni msichana wa miaka 17. Tangu msingi wananiita “mkaa” kwa weusi wangu, na usiku natazama picha za waliojichubua kwenye simu. Kwenye sherehe nakunywa ili nisifikirie ninavyoonekana. Nina tatizo?

Mwanangu, tatizo la kwanza wanalo wanaokuita hivyo, na watu wazima waliosikia wakacheka. Lakini ukinywa ili usijisikie, pombe inakuwa dawa yako ya kila unapoumia, na huko ndiko ulevi unakoanzia. Msichana aliyelewa kwenye sherehe pia yuko hatarini, na anayemdhuru ndiye mwenye kosa. Mweleze mtu mmoja mzima unayemwamini, kwa maneno haya haya uliyoniandikia. Picha za watu waliojichubua unazozitazama usiku kwenye simu, ziondoe. Jina hilo nalo likataze waziwazi: “Usiniite hivyo.” Una haki.

Mdogo wangu ana miaka 19, anatumia unga. Tumfungie chumbani hadi arosto iishe?

Msimfungie. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho na huwa kali siku ya pili na ya tatu: kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, kukosa usingizi. Anaweza kuishiwa maji mwilini hadi hatari. Hatari nyingine iko baadaye: mwili ukishazoea kukaa bila unga, akirudia kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua.

Tiba ipo. Methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto na hamu ya unga, hutolewa bure. Ilianza Muhimbili mwaka 2011, na sasa ipo pia Mwananyamala, Temeke na mikoani. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo nauli ndiyo inayowashinda wengi. Changishaneni nauli, na mtu mmoja wa nyumbani aende naye wiki za mwanzo. Kujua kituo cha karibu, pigeni 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.