Laki tatu na sitini ya Mikocheni ikifika Chanika inabaki ngapi?

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. Dada mmoja wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, ameitwa kazi ya mapokezi Mikocheni, upande wa pili wa mji, mshahara 360,000 kwa mwezi, Jumatatu hadi Jumamosi. Nyumbani wote wanamwambia kazi ni kazi, asichezee bahati. Yeye anauliza swali moja tu: "Niikubali?"

Dada yangu, siwezi kukujibu ndiyo wala hapana kabla hatujapiga hesabu, na hesabu yenyewe haianzii kwenye barua ya ajira, inaanzia mlangoni kwako. Watu wa mji huu tunaulizana mshahara, hatuulizani magari mangapi.

Tuanze na karatasi. Kwenye 360,000, NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ni 36,000. Kodi ya mapato inakatwa baada ya NSSF, siyo kabla, kwa hiyo inayotozwa ni 324,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Zinabaki 54,000, asilimia 8 yake ni 4,320. Mkononi unapokea 319,680. Mhasibu akikukata kodi kwenye 360,000 nzima amekosea, muulize kwa adabu akuonyeshe hati ya mshahara. Mwajiri naye anachangia NSSF asilimia 10 ya kwake juu ya hiyo yako. Akikwambia anakukata 20 "kwa sababu ndiyo sheria", sheria hairuhusu akukate zaidi ya 10.

Usione 360,000 ni fadhila, pia. Kima cha chini cha sekta binafsi kilipandishwa kuanzia Januari 2026, wastani wake ukatoka 275,060 hadi 358,322, ingawa kila sekta ina kiwango chake. Huyo mwajiri hajakupendelea, amekupa kile ambacho wengi sasa wanatakiwa kulipwa.

Sasa barabara. Chanika hadi Buguruni gari moja, Buguruni hadi Mwenge kwa Barabara ya Mandela gari la pili, kisha unatembea kuingia Mikocheni. Tuchukue 1,000 na 700. Kama nauli zako ni tofauti weka za kwako, hesabu ni ile ile. Kwenda na kurudi 3,400. Usiku ukishuka Chanika hutembei gizani peke yako, bodaboda 1,000. Siku moja ni 4,400, siku 26 ni 114,400. Zinabaki 205,280. Toa chakula cha mchana kwa mama ntilie, wali maharage 2,000, na chai na chapati asubuhi 1,000, maana ukitoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri hakuna anayepika chai saa hizo. Hapo zimeondoka 78,000 nyingine. Umebaki na 127,280, na hujalipa chumba, hujanunua unga, hujaweka bando, hujatuma chochote nyumbani.

Muda sasa. Sheria inaweka saa 45 za kazi kwa wiki, ambazo kwa mwezi ni 195. Barabarani, kwa njia hiyo, hesabu saa tano kwa siku ukijumlisha kusubiri kituoni: saa 130. Jumla 325. Gawa zile 205,280 kwa 325, unapata kama shilingi 632 kwa saa. Nauli ya chini ya daladala mjini, tangu Desemba 2023, ni 600. Yaani saa yako nzima ya uhai inanunua safari moja ya vituo vitatu.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea kuhusu umbali. Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa kilomita, lakini safari yoyote isiyozidi kilomita 10 ina bei moja, ukishuka kituo cha pili ama cha kumi na tano. Kinachomaliza mfuko ni kubadilisha magari. Mtu wa magari matatu mafupi analipa 1,800 kwenda tu, na anaweza kuwa anaishi karibu na kazi kuliko wa gari moja refu. Ukitafuta kazi au chumba, usitazame ramani, fuata ruti: je, kuna gari moja linalonitoa hapa hadi pale bila kushuka?

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kwa mstari huo Dar es Salaam ilionekana ina maskini wachache kuliko mikoa yote. Bei ni za miaka ile, sawa. Lakini daladala peke yake kwa huyu dada ni 88,400, karibu watu wawili wa mstari huo wanaishia mkononi mwa konda. Na nauli inaingia kwenye matumizi ya kaya, kwa hiyo kadiri unavyolipa konda ndivyo unavyoonekana una maisha mazuri. Mimi takwimu hiyo huwa naisoma huku nimeshika nauli mkononi.

Basi hamia karibu, utaambiwa. Tuone. Chumba Chanika tuseme 35,000. Mwananyamala 80,000, unapanda gari moja la 600 au unatembea ukiamka mapema. Buguruni 50,000, gari moja la 700 hadi Mwenge. Jumlisha kodi na usafiri wa mwezi: Chanika 149,400, Mwananyamala 111,200, Buguruni 86,400. Chumba cha bei rahisi kuliko vyote ndicho kinachokula hela nyingi kuliko vyote, na bado sijaweka zile saa.

Kwa nini basi watu hawahami? Kwa sababu ya kodi ya miezi sita. Mwenye nyumba wa Mwananyamala anataka 480,000 kwa mkupuo, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 80,000. Ni 560,000 siku moja. Chanika ni 245,000. Maskini wa mji huu hashindwi na 80,000 ya mwezi, anashindwa na 560,000 ya siku. Kwa hiyo anailipa tofauti ile kidogo kidogo kwa konda, kila siku, miaka.

Njia za kuuvuka mlima huo zipo chache, nazo hazifanani. Ya kwanza, chumba cha wawili. Buguruni ya 50,000 mkiwa wawili ni 175,000 kila mmoja pamoja na dalali, pungufu ya ulichotoa Chanika. Andikianeni nani analipa nini, na jina la nani lipo kwenye mkataba, maana mwenzako akiolewa mwezi wa tatu wewe ndiye utakayetafutwa. Ya pili, mwombe mwenye nyumba miezi mitatu. Wenye nyumba ambao vyumba vyao vimekaa wazi tangu mwezi uliopita wanakubali, wale ambao mpangaji katoka jana hawakubali. Muulize dalali chumba kimekaa wazi muda gani kabla hujauliza bei. Ya tatu ni mchezo wa kuchangishana hela kwa zamu, wa kazini au mtaani, lakini pigania zamu ya kati: anayepokea mwisho anawakopesha wenzake bila riba, na anayepokea wa kwanza hushawishika kukimbia.

Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, siyo njia ya nne. Ukichukua 200,000 ukarudisha 260,000 ndani ya mwezi, hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi. Wakopeshaji wadogo wenye leseni ya Benki Kuu wamewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Dalili za kausha damu unazijua: wanataka kadi yako ya benki na namba ya siri, wanaandika televisheni na kitanda cha mama, na marejesho yanaanza siku ya tatu. Mshahara unaingia mwisho wa mwezi, marejesho yanaanza Alhamisi. Utalipa kwa hela gani kama siyo mkopo mwingine?

Chumba cha Buguruni nacho usikichukue kwa macho ya kiangazi. Sehemu za bonde la Msimbazi zinajaa maji. Ingia chumbani, sogeza pazia, tazama ukuta kuanzia sakafuni hadi magotini. Rangi mpya iliyopakwa nusu ukuta tu, au mstari wa kahawia nyuma ya mlango, hiyo ni alama ya maji. Tazama vitanda vya majirani: vikiwa vimeinuliwa juu ya matofali mawili mawili, usiulize tena. LUKU uliza vyumba vingapi vinachangia mita moja na nani ana friji. Maji uliza ni ya bomba au ya dumu, na dumu ni bei gani. Hela mpe mwenye nyumba mwenyewe, dalali akiwepo, na mkataba upigwe muhuri serikali ya mtaa. Dalali anayetaka upokee funguo kwake na hela uache kwake, muage.

Ukibaki Chanika kwa sasa, na wengi watabaki, kuna mambo ya kupunguza maumivu. Chanika ni mwisho wa gari, na hiyo ni mali. Asubuhi gari linaanza tupu, unakaa, unalala hadi Buguruni. Anayeishi katikati ya ruti, pale Pugu, anapishana na magari yaliyojaa, akipata la kuning'inia anashukuru. Kwa hiyo usihame Chanika kwenda Pugu ukadhani umesogea karibu na mji. Labda umesogea kilomita, lakini kiti umekipoteza.

Jioni mambo yanageuka. Kugeuza nalo, yaani kupanda gari likiwa linaelekea mwisho ili ukae kabla halijageuza, kunakugharimu nauli ya ziada, mara nyingi 600. Siku 26 ni 15,600. Mimi ningegeuza nalo Jumatatu na Ijumaa tu, siku ambazo kituo kinakuwa kama gulio, siku nyingine ningesubiri gari la pili au la tatu.

Konda akikata ruti, akasema "mwisho hapa" wakati ubao unasema mbele zaidi, jua kinachoendelea: yeye na suka, yaani dereva, hawana mshahara, wana mafuta na hesabu ya siku ya tajiri mwenye gari, kinachobaki ndicho chao. Foleni ikiwa mbaya, kumalizia ruti ni hasara kwao, kugeuza mapema ni faida. Kuelewa siyo kusamehe. Dai nauli iliyobaki kabla hujashuka, mkiwa wengi, maana ukishashuka umeisha. Andika namba ya gari, ruti na saa, peleka LATRA. Malalamiko ya "konda mmoja wa Buguruni" hayana pa kushikwa.

Na weka msimbazi mmoja, noti ya elfu kumi, usioguswa kwa ajili ya Mto Msimbazi. Mvua ikinyesha usiku kucha, barabara ya Jangwani inafungwa, magari yanapungua, bodaboda wanapandisha bei bila aibu. Siku hiyo ndiyo bosi anahesabu nani amechelewa.

Kabla hujasaini, zungumza na bosi habari ya Jumamosi. Saa 45 zinaweza kugawanywa siku tano za saa tisa, sheria inaruhusu hadi saa tisa kwa siku. Ukiingia saa mbili ukatoka saa kumi na mbili jioni na saa moja ya kula, umemaliza wiki Ijumaa. Kwako hiyo ni siku nne kwa mwezi: 17,600 na saa 20 za barabarani. Kwake haimgharimu kitu kama kuna mwenzako wa kushika mapokezi Jumamosi. Ombi hili linakubaliwa kirahisi kuliko kuomba nyongeza, na watu hawaliombi kwa sababu wanaona aibu kutaja nauli mbele ya bosi. Taja. Kama anasisitiza saa nane kwa siku, siku sita, hizo ni 48. Tatu za juu ni za ziada, zinalipwa mara moja na nusu. Na mkataba uwe wa maandishi. Katika miezi sita ya mwanzo huwezi kudai kuachishwa isivyo halali, kwa hiyo maneno ya mdomo hayakulindi. Baada ya hapo, ukiachishwa una siku 30 tu za kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

Kwa hiyo, dada yangu: Jumamosi ikiondoka na ukampata mwenzako wa chumba Buguruni ndani ya miezi mitatu, ikubali. Jumamosi ikibaki na huoni pa kuhamia, usisaini kabla hujapita mtaa kwa mtaa kuanzia Chanika hadi Gongo la Mboto kuuliza kazi ya 250,000. Kwa gari moja tu na ugali wa nyumbani, hiyo itakubakizia zaidi.

Na ujaribu njia kwanza. Jumatatu, siyo Jumapili. Toka saa kumi na nusu, andika saa uliyopanda, saa uliyoshuka Buguruni, saa uliyopata gari la Mwenge, saa uliyogusa geti la ofisi. Beba nauli kamili, elfu moja na mia saba, sarafu za mia mbili na mia tano zikiwepo. Alfajiri ile konda hana chenji ya elfu kumi, na neno "nitakupa mbele" utalisikia hadi Ubungo.