Mtu wa mkono hakuwa kwenye grupu

Asalam aleikum wahariri na wasomaji wenzangu. Swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi, kazini kwenu kuna mtu asiyesema sana lakini bila yeye kazi haiendi? Nimelisoma nikiwa nimekaa barazani hapa Langoni, Lamu, nikaona hapana, hili lazima nijibu maana limenigusa.

Mimi ni fundi wa nyumba za kale. Kazi yangu hasa ni chokaa, kupiga plasta kwenye kuta za mawe ya matumbawe na kurudishia zidaka, yaani vile vishubaka vya ukutani, zilizomomonyoka. Mji wetu wa kale uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001 na tangu hapo watu wengi wanataka nyumba zitengenezwe kwa njia ya zamani, si simiti, kwa sababu simiti juu ya ukuta wa matumbawe inafungia unyevu na chumvi ndani, baada ya muda unaona plasta yote inabambuka.

Sasa kwenye timu yetu tulikuwa na mzee mmoja, mtu wa mkono, sisi sote tulimwita Ami. Mtu wa mkono ndiye anayekoroga, anayebeba karai, anayepokea mchanga ukija na punda kwenye vichochoro, na kwenye malipo yeye ndiye wa chini kabisa. Ami alikuwa hasemi. Akifika asubuhi ni salamu basi, anavua kanzu anaitundika msumarini, anaanza kazi.

Nitawaambia nilichokiona kwa macho yangu. Kabla hatujashika dari yoyote alikuwa anapanda ngazi na nyundo ndogo, anagonga boriti moja moja na sikio lake karibu kabisa na mti, kama daktari na kifua cha mgonjwa, na ile iliyoliwa na mchwa anaitia alama ya mkaa. Haiti mtu. Unaingia asubuhi unakuta alama zako, unajua hapa usiegemeze ngazi. Kuna kijana tulimpokea kujifunza, mwiko ulikuwa unamshinda na mafundi wakimcheka, basi Ami wakati wa chai alikaa naye pembeni ukutani akamshika mkono juu ya mwiko, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, na sote tukiwa na mahamri yetu hata hatukutazama. Yule kijana leo anapiga plasta iliyonyooka kunishinda mimi.

Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu, kana kwamba asiyesema ana jambo anapanga moyoni. Ami hakuwa na mshindo wowote. Na sisemi kila mkimya ni kama yeye, kuna ukimya wa kununa, kuna na wa mtu aliyeharibu kitu anaficha, nimefanya kazi na wote hao. Ukimya wa Ami ulikuwa umejaa kuangalia. Na palipohitaji neno alisema, siku moja alinishika bega akaniambia "chokaa hii bado, iache" na kweli ilikuwa bado, maana chokaa ikishamwagiwa maji ikachemka inatakiwa ilale shimoni wiki kadhaa kabla ya kuitumia, sasa mimi nilikuwa na haraka ya tajiri.

Alafu ikaja nyumba moja kubwa, msimu wa kaskazi, jua kali na upepo mkavu. Msimamizi wa kazi alikuwa haji saiti kila siku, mambo yote yanapitia grupu la WhatsApp, picha, hesabu, maagizo. Anayetuma picha nyingi ndiye anaonekana anafanya kazi. Ami ana kabambe, simu ndogo isiyo na WhatsApp, hayumo kwenye grupu. Basi jioni moja msimamizi akaandika kwamba gharama zimezidi, tupunguze mtu mmoja, na kwa anavyoona yule mzee hana kazi maalum. Mimi nilikuwemo. Nilisoma, na nikaweka dole gumba. Hilo dole gumba linaniuma mpaka leo ninavyoandika.

Hata wiki mbili hazikuisha. Ukuta wa uani ulianza kupasuka nyufa nyembamba kila upande, ukigonga unasikia uwazi nyuma. Chokaa haikauki kama nguo, inashika polepole ikivuta hewa na lazima ibaki na unyevunyevu, ikikaushwa haraka na jua na upepo haipati nguvu. Sasa ndio tukaulizana, kwani nani alikuwa anarowesha kuta? Kila mmoja alidhani ni mwenzake. Kumbe ni Ami, anakuja alfajiri akitoka msikitini kabla yetu sisi, anarowesha magunia anayatundika ukutani, na jioni tukishaondoka anarudia tena. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemlipa kwa saa hizo. Tulibandua ukuta mzima tukaanza upya, na gharama ya hapo ilipita mshahara wake mara nyingi sana.

Nilimfuata kwao. Nilitayarisha maneno mengi ya kuomba radhi, akanikaribisha kahawa, akanisikiliza, kisha akauliza ule ukuta ulipasukia upande gani. Nikamwambia. Akasema ndio, pale jua linafika saa nne.

Kwa hiyo wahariri jibu langu ni ndio, yupo, na shida haikuwa yeye kutosema. Yeye hakuwa na deni la kujieleza. Sisi wenye midomo, sisi tulio kwenye grupu, ndio tuliokuwa tunajua nani alitia zile alama za mkaa na nani alimfundisha yule kijana, na hatukutamka mahali pale panapokatwa maneno ya kazi na pesa. Nilikwenda kwa msimamizi nikasema yote haya mbele ya mafundi wenzangu, na nikasema kama anarudi basi arudi kwa malipo mengine na zile saa za alfajiri zihesabiwe. Palikuwa na mabishano, siku mbili, akakubali.

Asubuhi aliyorudi alitoa salamu, akatundika kanzu kwenye msumari wake uleule, akauliza magunia tumeyaweka wapi.